Mtoto Yuko Kitandani, Mzazi Yuko Mbali: Nani Atie Sahihi?

Bibi aliingia mlango wa dharura saa moja unusu usiku, leso moja kajitanda, nyingine kamfunika mjukuu wake wa miaka minne. Walikuwa wametoka Mtongwe kwa tuktuk, wakasubiri feri Likoni, hapa Mombasa, wakavuka, wakapanda tuktuk nyingine. Bibi huuza viazi karai barazani kwake, na mtoto alikuwa amevuta mpini wa karai. Mafuta yalimwunguza kifua, bega na mkono wote wa kulia.

Karani akamwuliza, "Wewe ndiye mamake?"

"Mimi ni bibi yake. Mamake yuko Saudia."

"Na babake?"

Bibi akanyamaza. Fomu ya ridhaa ikabaki mezani, kalamu juu yake. Mimi ni muuguzi, na wakati huo nilikuwa natafuta mshipa kwenye mkono wa kushoto wa yule mtoto. Bibi akanishika bega akaninong'oneza: "Mwanangu, mimi siwezi kutia sahihi. Si mwanangu mimi huyu. Mambo yakiharibika nitamwambia nini mamake?"

Hofu hiyo naikuta mara nyingi mno. Watu wengi wanaamini kwamba mtoto hatibiwi mpaka mzazi atie sahihi. Wapo wahudumu wa afya wanaoamini vivyo hivyo, na hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika kituo ambacho sitakitaja, mtoto aliyekuwa akitetemeka kwa degedege aliwekwa kwenye benchi huku mlinzi akitumwa nje kumtafuta mamake, aliyekuwa amekwenda kutafuta pesa za kadi. Zilipita dakika kama kumi na tano. Mtoto alipona, lakini dakika zile hazikuwa na sababu yoyote. Hakuna sheria ya Kenya iliyozidai.

Tuanze na Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 43 inasema, kwa maneno machache kabisa, kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haikuongeza "akiwa na mzazi" wala "akiwa na pesa". Ibara ya 53 inasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yenye uzito wa kwanza. Na mtoto, kwa Katiba hiyo hiyo, ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ndiyo iliyoyaweka hayo katika lugha ya hospitalini. Kifungu cha 7 kinaeleza matibabu ya dharura ni nini: huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuharibika, au kupanga ahamishiwe kwingine pale kituo cha kwanza kisipokuwa na uwezo. Kituo kinachoweza kutoa huduma hiyo na kisitoe kinatenda kosa, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni 3. Watu wengi huijua faini hiyo kwa sababu ya kesi za amana, mgonjwa akizuiliwa mlangoni mpaka alipe. Ni nadra kusikia mtu akiitaja mgonjwa anapozuiliwa kwa ajili ya sahihi, ilhali kwa mtoto aliye hoi kitandani ni mlango ule ule uliofungwa.

Kisha kuna kifungu cha 9, kinachozungumzia ridhaa yenyewe, na ambacho husomwa nusu. Kinaanza kwa kusema kwamba mgonjwa hatapewa huduma bila ridhaa yake aliyoitoa baada ya kuelezwa. Wengi huishia hapo. Neno linalofuata ni "isipokuwa", na baada yake kuna orodha ndefu. Ndani ya orodha hiyo yamo mawili yanayotuhusu sana sisi wa kitengo cha dharura. Moja ni mgonjwa anayetibiwa katika hali ya dharura. Jingine ni pale ambapo kuchelewesha huduma kunaweza kusababisha kifo au madhara yasiyorekebishika, na mgonjwa hajaonyesha, kwa maneno au kwa vitendo, kwamba anaikataa.

Hilo la pili lina maneno yanayopitwa haraka: madhara yasiyorekebishika. Sheria haikungoja mtoto awe anakata roho.

Chukulia mvulana wa miaka 15 wa shule ya bweni upande wa Shanzu. Ameamshwa usiku wa manane na maumivu makali. Anamwambia mwalimu wa zamu kwamba tumbo linamuuma, kwa sababu anaona haya kutaja mahali penyewe. Analetwa alfajiri. Daktari anamvutia pazia, anamwuliza kwa upole, ndipo anasema. Korodani moja imejisokota kwenye mshipa wake, damu haifiki. Mvulana huyu hatakufa leo. Anaongea, presha yake nzuri, hana homa. Karani akimtazama atasema huyu anaweza kungoja, babake atafutwe. Babake ni mvuvi wa Lamu na yuko baharini, simu haishiki. Lakini korodani iliyojisokota huokolewa zaidi ikifunguliwa ndani ya saa sita hivi tangu maumivu yaanze, na kila saa inayozidi inapunguza bahati. Mvulana alianza kuumwa saa nane usiku. Sasa ni saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne zimekwisha kwenda, nyingine katika aibu, nyingine njiani. Huyu ndiye mgonjwa ambaye kifungu kile kiliandikiwa. Apelekwe chumba cha upasuaji, simu ziendelee kupigwa, na kila jaribio liandikwe kwenye faili.

Mlinganishe na mtoto aliyeanguka na baiskeli pale Mama Ngina akapasuka kipaji cha uso. Damu imesimama kwa kukandamizwa na shashi, anajua jina lake, hajatapika. Mama yuko Kongowea sokoni, amesema anakuja. Hapo tunasafisha kidonda, tunafunika, tunampa dawa ya maumivu, tunaendelea kumwangalia. Kushona kunangoja mama.

Kwa hiyo swali linalopaswa kuulizwa kwanza mlangoni si "mzazi yuko wapi?" Ni "tukingoja, mtoto huyu atapoteza nini?" Muuguzi wa dharura analijibu swali hilo kila siku bila kulipa jina la sheria. Anatazama kama njia ya hewa imeziba, kama mtoto anapumua kwa shida, kama mikono na miguu imekuwa baridi, kama amezimia au ana degedege, kama ameharisha mpaka macho yameingia ndani. Akiona lolote katika hayo anaanza kazi papo hapo. Oksijeni haina fomu. Dawa ya kusimamisha degedege haina fomu. Sukari ya mshipani kwa mtoto aliyezimia haina fomu.

Lakini dharura nayo ina mpaka, na hapa nawasema wenzangu. Inaruhusu kile kinachohitajika kumtoa mtoto hatarini, si kila kitu kinachoweza kufanywa kwa vile tu yuko mikononi mwetu. Mtoto akishatulia, mlango wa ridhaa unafunguka tena, na hatua inayofuata inahitaji mazungumzo na mwenye haki ya kuamua.

Mwenye haki hiyo ni nani? Mzazi, na neno hili lina ubishi mwingi mitaani kuliko mahakamani. Katiba inasema baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Sahihi ya mmoja inatosha kwa matibabu ya kawaida. Baada ya wazazi yupo mlezi aliyeteuliwa kisheria au kwa amri ya mahakama. Na pale ambapo hakuna aliyeidhinishwa, Sheria ya Afya inakubali ridhaa ya jamaa wa karibu. Pwani hii, ambako mama wengi wako Saudia, Oman au Qatar wakitafuta riziki, hiyo ndiyo sentensi inayowagusa maelfu ya watoto wanaolala kwa bibi zao. Nionavyo mimi, bibi wa Mtongwe aliyemlea mtoto tangu anyonye, huku simu ya mama haishiki, alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya aliyojipa mwenyewe.

Mwalimu si mzazi, hata kama wazazi walijaza fomu ya shule siku ya kuripoti. Fomu ile inampa ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali. Haimfanyi mwamuzi wa upasuaji. Kazi yake kubwa ni taarifa: mtoto amekula saa ngapi, anatumia dawa gani, ana pumu au selimundu, nambari za nyumbani ni zipi. Na dereva wa tuktuk aliyemwokota mtoto aliyegongwa Mwembe Tayari asilazimishwe kutia sahihi yoyote. Aulizwe alichokiona, ashukuriwe, aende zake. Tukimsumbua, kesho atampita majeruhi mwingine barabarani.

Simu imeturahisishia mengi. Mzazi akipatikana, anaelezwa na daktari mwenyewe, na mhudumu wa pili anasikiliza. Wote wawili wanaandika jina la mzazi, uhusiano wake na mtoto, nambari aliyopigiwa, saa, na alichosema. Kwa aliye Saudia hakuna hata kisingizio cha saa, maana saa zao na zetu ni zile zile. Shida ni kwamba dada wengi wanaofanya kazi za nyumbani huko hawashiki simu mpaka usiku tajiri anapowaruhusu. Ndiyo maana nawasihi kina mama kabla ya kusafiri: acheni barua, iliyotiwa sahihi, yenye jina la bibi au shangazi atakayeamua matibabu ya mtoto, na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Barua hiyo haigharimu chochote, na usiku wa matatizo inampa bibi moyo wa kusema.

Sahihi na ridhaa si kitu kimoja. Ridhaa ni kukubali baada ya kuelezwa na kuelewa. Sahihi ni alama kwamba mazungumzo hayo yalifanyika. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya kinataka mlezi wa mtoto aambiwe hali ya mtoto, njia zilizopo za kumtibu, faida, hatari na gharama zake, na haki yake ya kukataa pamoja na matokeo ya kukataa. Aambiwe kwa lugha anayoielewa. Kwa mama wa Kigiriama kutoka Kaloleni, Kiswahili chetu cha hospitali chenye Kiingereza nusu kinaweza kuwa si lugha hiyo. Na hili niliseme wazi: atakayefanya upasuaji ndiye anayepaswa kuueleza. Muuguzi kupewa karatasi na kuambiwa "nenda kamtilishe sahihi" ni makosa, na muuguzi ana haki ya kuirudisha karatasi hiyo kwa heshima na kumwita daktari.

Sasa kuna usiku mgumu zaidi ya ule wa mzazi asiyepatikana: mzazi yupo, na hataki, au hathubutu.

Mtoto mdogo ana malaria kali, kipimo cha wingi wa damu (himoglobini) kimeshuka chini ya gramu 4 kwa desilita. Midomo na viganja vimekuwa vyeupe, anapumua kwa haraka kama aliyekimbia. Anahitaji kuongezewa damu. Mama anasema, "Siwezi kukubali damu mpaka babake aseme." Baba yuko zamu ya usiku bandarini. Mama huyu hamkatalii mtoto. Anaogopa lawama nyumbani, na mara nyingi anaogopa maradhi ya kwenye damu aliyoyasikia miaka mingi iliyopita. Ukimkemea unampoteza. Nimeona inavyosaidia kumkalisha chini, kumpa maji, kumwonyesha kiganja cha mtoto kando ya kiganja chake, kumweleza kwamba damu hupimwa kabla ya kutolewa, na kumwambia kwamba kisheria neno lake lina uzito sawa na la mumewe. Wengi hukubali ndani ya dakika chache. Hayo ni matibabu pia, ingawa hayaandikwi kwenye chati ya dawa.

Akikataa kabisa, kwa imani au kwa hofu, haki yake ya kuabudu na kuamua inakutana na haki ya mtoto ya kuishi. Mtu mzima anaweza kujikatalia damu. Kumkatalia mtoto ni jambo jingine, kwa sababu maslahi yanayopimwa ni ya mtoto. Hapo daktari mkuu wa zamu anaitwa, afisa wa watoto anaarifiwa, na ikiwa kuna muda, Mahakama ya Watoto inaweza kutoa amri. Kwa Mombasa kesi za watoto husikilizwa Tononoka. Ikiwa muda hakuna, na mtoto atakufa kabla ya mtu kufika mahakamani, mimi naisoma sheria hivi: dharura inatosha, na maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Madaktari wawili waandike kwa nini hawakuweza kungoja. Mzazi asifukuzwe chumbani.

Vijana wa miaka 16 na 17 wana mkanganyiko wao. Wanafunzi wa uuguzi husoma vitabu vya Uingereza, na huko sheria ya mwaka 1969 ilimruhusu mwenye miaka 16 kukubali matibabu yake mwenyewe. Mwaka 1985 mahakama ya juu ya huko, katika kesi ya Gillick, ikakubali kwamba hata aliye chini ya umri huo anaweza kuridhia akiwa na akili ya kuelewa jambo lenyewe. Mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba na hapa ni hivyo. Sivyo. Sheria yetu ya Afya haina mlango huo wa jumla. Mstari wetu uko kwenye miaka 18.

Ipo milango midogo. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inataka mzazi au mlezi akubali kwa maandishi kabla mtoto hajapimwa virusi, lakini inamruhusu mtoto aliye mjamzito, aliyeoa au kuolewa, aliye mzazi, au mwenye mwenendo unaomweka katika hatari ya kuambukizwa, akubali mwenyewe kwa maandishi. Na msichana wa miaka 16 aliyejifungua anakuwa na jukumu la mzazi kwa kichanga chake, huku yeye mwenyewe bado ni mtoto mbele ya sheria. Nimewahi kumwona mmoja akiulizwa kuhusu chanjo za mwanawe, kisha dakika hiyo hiyo mamake akatafutwa ili yeye mwenyewe atibiwe.

Mtoto aliyebakwa hatakiwi kungoja kabisa. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Za kuzuia mimba zina saa 120. Ikiwa anayeshukiwa ni baba au mjomba anayeishi naye, hatuombi ruhusa kwa mtuhumiwa. Afisa wa watoto huitwa, na simu ya bure ya watoto, 116, hupokelewa usiku na mchana.

Na mtoto mwenyewe aulizwe. Hata asiyeweza kuridhia kisheria ana maoni, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataka asikilizwe. Msichana wa miaka tisa akiulizwa, "Sindano tuweke mkono upi?", huutoa mkono. Asipoulizwa hushikwa na watu watatu.

Nirudi kwa bibi. Nilimwambia, "Bibi, dawa ya maumivu na maji ya mshipa hatukusubiri sahihi yako, wala hukuhitaji kuitia. Nakueleza tunachofanya ili ujue." Kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yake, tulipima hivyo, tukapata zaidi ya 10, na kwa mtoto hicho ni kiwango kinachohitaji maji ya mshipa. Maji hayo huhesabiwa tangu saa ya kuungua, si saa ya kufika, na saa nzima ilikuwa imepotelea kwenye foleni ya feri. Niliandika kwenye faili: "Saa 1:50 usiku. Ameletwa na bibi mzaa mama, ambaye ndiye mlezi wake. Mama yuko Riyadh. Amepigiwa mara tatu, simu haishiki. Matibabu ya dharura yameanza. Bibi ameelezwa kwa Kiswahili, ameelewa, amekubali kwa mdomo."

Siku ya nane daktari wa upasuaji alisema bega linahitaji kupandikizwa ngozi. Hiyo haikuwa dharura ya usiku ule, ikapangwa, ikangoja. Ijumaa mama alipewa simu yake. Daktari alimweleza kila kitu kwa spika, bibi kaketi kando, nami nikisikiliza kama mtu wa pili. Mama aliuliza ngozi itatolewa wapi, na kama mtoto ataweza kuinua mkono kuvaa shati. Daktari akamjibu ngozi itatoka pajani, na kuhusu mkono akamweleza mazoezi atakayofanya na muda yatakaochukua. Mama akasema amekubali. Kisha akaomba kusema na mamake. Bibi akaichukua simu akaigeukia ukutani, wakazungumza kwa muda, na aliporudi akaniomba ule wino, akaufuta mkono wake kwa ncha ya leso kwanza, ndipo akaweka dole gumba.